Chai ya Mwenye Nyumba

Jumatatu, 2 Machi

Mwanangu alinipigia simu jana akasema ninunue daftari niwe naandika kila siku, eti akili isipate kutu. Nikamwambia akili yangu haina kutu, chenye kutu ni magoti. Akacheka. Leo nimenunua daftari, kwa hiyo ameshinda yeye.

Basi niandike. Mimi ni mjane wa miaka sitini na nne. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna kitanda kilichopita mbele ya macho yangu bila kutandikwa. Nyumba hii tuliijenga mimi na marehemu mume wangu. Upande mmoja naishi mimi. Upande wa pili, chumba na sebule ndogo, tunapangisha. Geti ni moja na baraza ni moja. Mambo ya wapangaji aliyashughulikia yeye. Mpangaji wa mwisho alikaa miaka sita na mimi nilimjua kwa viatu vyake tu. Baada ya mazishi naye akahama, na upande ule umekaa mtupu mwaka mzima.

Leo ameingia mpangaji mpya. Ni binti wa miaka thelathini hivi, anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, anapima damu na vitu vingine ambavyo sikumwomba avitaje. Amekuja na kitanda, meza, masanduku mawili na redio. Ameniamkia vizuri. Ananiita "Mama mwenye nyumba."

Jumanne, 3 Machi

Jirani yangu wa upande wa kulia naye anapangisha vyumba, vinne, na kila ukuta ameubandikia karatasi: Usimwage maji hapa. Usiegemee ukuta. Redio mwisho saa mbili. Mtaa mzima unamwita Mzee Notisi. Leo ameniita kutoka upande wake wa ukuta.

"Matroni, nasikia umepata mpangaji."

"Nimepata."

"Nikupe ushauri wa bure?"

"Kama ni wa bure, toa."

"Msalimie asubuhi, pokea kodi mwisho wa mwezi, funga mlango wako. Ukianza kumchekea atakupanda kichwani."

Nikamwambia nimelea wasichana mia na themanini kwa mpigo na hakuna aliyenipanda kichwani. Akasema wale walikuwa wanafunzi. Nikamwambia mtu ni mtu. Akaondoka, nadhani kwenda kubandika karatasi nyingine.

Jumanne, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu, saa nane mchana, bila hata ngurumo ya kutuonya. Nguo za binti zilikuwa kambani. Nikaanua zangu na zake. Kisha, kwa kuwa pasi ilikuwa imeshapata moto, nikazipiga pasi zote, na makoti yake mawili meupe ya kazini nikayatia wanga kidogo kwenye kola.

Saa kumi alirudi. Nikamkabidhi.

"Mama mwenye nyumba! Hata makoti?"

"Koti jeupe lililojikunja ni aibu ya hospitali nzima. Kaa unywe chai kwanza, umelowa chapachapa."

Akakaa. Akanieleza kazi yake. Anasema siku nzima anawatazama watu kwa darubini, tone mojamoja, na wenyewe hawaijui hata sura yake. Nikamuuliza kama anaweza kumjua mtu kwa damu yake. Akasema anaweza kujua kama mtu ana malaria na kama anakula vizuri, lakini damu haisemi kama mtu ni mkorofi. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini kwenye baraza hili.

Jumatano, 11 Machi

Nilimwita, akaja. Chai na mkate.

Alhamisi, 12 Machi

Nilimwita, akaja.

Ijumaa, 13 Machi

Alikuwa na mkutano kazini, hakuja. Nilipika chai ya watu wawili kwa mazoea. Mazoea ya siku tatu, jamani.

Jumapili, 15 Machi

Mwanangu amepiga simu. Dakika nne. Ameuliza kama nakula, nikasema nakula. Ameuliza kama naandika, nikasema naandika. Wajukuu walikuwa wanapigana nyuma yake akaenda kuwaamua.

Jumatano, 18 Machi

Niandike hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Saa kumi jioni naiogopa. Bwenini ndiyo ilikuwa saa ya kengele: wasichana wanamiminika kutoka madarasani, ndoo zinagongana, huyu analia kaibiwa sabuni, yule anaimba. Nililalamikia kelele zile miaka ishirini na tisa. Sasa saa kumi ikifika nyumba inanyamaza kwa namna ambayo saa tisa hainyamazi. Lakini tangu huyu binti aje, saa kumi husikia geti, halafu viatu vyake, halafu sauti: "Shikamoo, Mama mwenye nyumba." Mimi huwa nimeshaweka kikombe chake.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeshuka kwa hasira tangu saa sita. Nikasikia upande wa pili, ta, ta, ta. Nina funguo za akiba kabatini. Nikafungua. Maji yalikuwa yanadondoka katikati kabisa ya kitanda chake! Nikakivuta kitanda, nikakinga ndoo, nikatoa shuka lililolowa nikalitundika barazani. Sasa kitanda kimebaki kitupu, nami sijaumbwa kuacha kitanda kitupu. Nikafungua sanduku nikatoa shuka jingine, nikatandika kama nilivyofundisha maelfu: kona nne zimekunjwa kwa pembe, blanketi limenyooka kama meza. Nikiwa natoka nikaona vikombe viwili havijaoshwa. Nikaviosha.

Aliporudi nilikuwa barazani namsubiri nimweleze. Aliingia kwake kabla sijafungua mdomo. Baada ya kitambo akatoka.

"Mama, umeingia ndani?"

"Paa linavuja, mwanangu. Bila mimi leo ungelala bwawani."

"Kumbe. Na kitanda umetandika."

"Kilikuwa kinanililia."

Akanitazama, nikaona machozi yanamlengalenga. Akasema, "Asante, Mama." Hakusema Mama mwenye nyumba. Amesema Mama. Naandika ili nisije nikasahau.

Jumatano, 25 Machi

Fundi wa paa amesema kesho.

Alhamisi, 26 Machi

Fundi hakuja. Mvua. Nimeingia kumwaga ndoo.

Ijumaa, 27 Machi

Fundi hakuja. Nimeingia kumwaga ndoo. Nimemhamishia meza dirishani ambako kuna mwanga. Mtu anayefanya kazi ya darubini anapaswa kuyatunza macho yake.

Jumatatu, 30 Machi

Fundi anasema simu yake ilikuwa haina chaji. Siku nne! Nimeingia kumwaga ndoo, na maziwa yaliyokuwa yamechacha nimeyamwaga pia. Mezani palikuwa na barua. Sikuigusa, mimi si mtu wa hivyo. Niliona tu kwamba ipo, na kwamba mwandiko ni wa mwanamume.

Jioni binti amekunywa chai haraka haraka. Meza ameirudisha pale ilipokuwa. Watu wanaosoma sana huwa hawajui faida ya dirisha.

Jumapili, 5 Aprili

Amepata mgeni. Kijana mrefu mwenye adabu, amevaa shati jipya. Wamekaa sebuleni kwake, mlango umerudishiwa nusu. Mimi nikatoa kiti changu barazani nikakaa nichambue mboga. Niliwapelekea chai. Baadaye nikawapelekea mkate. Baadaye tena nikaenda kuuliza kama chai imetosha. Nilimuuliza kijana anafanya kazi gani, akasema anauza vifaa vya hospitali. Nikamuuliza kwao wapo wangapi. Akasema saba. Nikamuuliza yeye ni wa ngapi.

Saa kumi na moja akaaga. Binti akamsindikiza hadi getini, na nikajisikia nikisema kwa sauti ile ya zamani, "Geti la hapa hufungwa saa tatu, mwanangu."

Wote wawili wakageuka. Jua lilikuwa bado linawaka. Kijana akasema, "Sawa, mama." Binti akalifungua geti.

Alhamisi, 9 Aprili

Amerudi saa kumi na moja. Anasema kazi imezidi.

Jumanne, 14 Aprili

Saa kumi na mbili. Kazi imezidi. Hospitali hizi zinawamaliza vijana. Chai yake nimeitia kwenye chupa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mzee Notisi ananiuliza, "Matroni, huyu mpangaji wako mbona siku hizi anapita ubavuni mwa ukuta wangu kama anakwepa mawe?" Nikamwambia asiniletee wivu. Wapangaji wake yeye wakimwona hutazama chini.

Jumatano, 22 Aprili

Saa moja kasoro mbu walinizidi nikaingia ndani. Hata sijavua kanga, nikasikia geti. Binti ana bahati mbaya sana, kila siku tunapishana dakika tano. Nikatoka haraka na chupa ya chai lakini alikuwa ameshafunga mlango na taa hakuwasha. Maskini, amelala na njaa.

Jumapili, 26 Aprili

Mwanangu amepiga. Nikamweleza habari za binti, jinsi anavyofanyishwa kazi, jinsi ninavyomwangalia. Akasema, "Mama, huyo ni mpangaji lakini." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote. Dakika sita.

Jumanne, 28 Aprili

Fundi amekuja! Amepanda, amegonga misumari mitano, ameshuka. Mwezi mzima kwa misumari mitano. Mvua ya jioni imenyesha na hakuna hata tone lililoingia. Ningepaswa kufurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimeingia kuhakikisha paa limeshika. Limeshika. Leo hapakuwa na mvua.

Jumatano, 6 Mei

Ya leo nitayaandika yote.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya wiki nzima, na mimi nikapata wazo langu la kipumbavu. Nikasema kama kazi imezidi, basi nitampelekea chakula huko huko kazini. Nikapika supu, nikaitia kwenye chupa kubwa, nikavaa viatu vya kutokea. Nilifika maabara saa kumi kamili. Dirishani alikuwepo mwanamke mwenye koti jeupe kama lake, ila halikunyooshwa. Nikamwambia nimemletea mwanangu chakula, yule anayepima damu, mwembamba, anayecheka kwa pua.

"Ametoka saa tisa, mama," akasema.

"Leo ametoka mapema?"

"Zamu yetu huisha saa tisa kila siku. Yeye ndiye wa kwanza kusaini."

Nikamuuliza tangu lini. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Akasema, tangu alipoanza kazi.

Nikarudi na supu yangu. Njiani kichwa kilikuwa kinazunguka. Kutoka saa tisa hadi saa moja ni saa nne. Nikawaza mambo mengi: kijana wa vifaa vya hospitali, kazi ya pili, ugonjwa. Nikawaza jinsi nitakavyomsaidia kwa kila moja. Jua lilinichoma, nikaamua kupita njia ya nyuma, ile inayotokea kwenye duka la fotokopi, kwenye kona, upande wa pili wa barabara. Siipiti kamwe, ina matope.

Alikuwa pale. Amekaa kwenye benchi la duka, mkoba mapajani, mgongo kwangu. Alikuwa hasomi wala haongei na simu. Alikuwa anatazama upande wa pili wa barabara. Nikafuata macho yake na nikaona anachokitazama: baraza langu, na kiti changu kitupu, na vikombe viwili nilivyokuwa nimeviacha mezani.

Mwenye duka alikuwa nyuma ya mashine yake. Aliniona nimesimama, hakunijua, akaniuliza kama nina karatasi za kutoa. Nikamwonyesha kwa kidole mgongo wa binti, na nikauliza kwa sauti ya chini, huyu vipi.

"Huyu? Hukaa hapa kila siku mpaka jioni," akasema. "Anasema anasubiri mvua ikatike."

Na leo mvua haikunyesha.

Niligeuka nikazunguka mtaa mzima nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, ili asinione. Mimi, katika mtaa wangu, najificha. Niliingia moja kwa moja chumbani. Sikuwasha taa. Saa moja kasoro hivi nikasikia geti likifunguliwa polepole. Bila shaka alifurahi kukuta kiti kitupu tangu mapema.

Supu sikuila.

Alhamisi, 7 Mei

Nina hasira. Nimempigia pasi. Nimemwaga ndoo yake ya maji mwezi mzima. Nani siku hizi anapata mwenye nyumba wa kumtilia wanga kwenye kola? Ningekuwa kama Mzee Notisi angenipenda. Shukrani ya binadamu ndiyo hii.

Saa kumi nimekaa ndani, mlango nimefunga. Na yeye hajarudi, bado yuko kule kwenye benchi ananisubiri nitoke ili nirudi ndani. Tumefungana, mimi humu na yeye kule.

Ijumaa, 8 Mei

Nimebandika notisi barazani, kwa kalamu ya wino mwekundu: Mpangaji anaarifiwa kwamba kuanzia leo mwenye nyumba hatatoa chai. Kila mtu akae upande wake.

Mzee Notisi amekuja kuisoma. Amesifu mwandiko. Akasema nimesahau tarehe.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekumbuka kitu na sikipendi. Nilipokuwa naingia bwenini, wasichana walinyamaza. Kelele zote zinakatika kama zimekatwa kwa mkasi. Miaka yote nilisema hii ndiyo heshima. Nikitoka tu, nikifika kwenye ngazi, kelele zinaanza tena. Nilikuwa nasimama pale kwenye ngazi kidogo, nazisikiliza. Nilidhani nawachunga.

Jumapili, 10 Mei

Amegonga mlango wangu saa nne asubuhi, ameshika notisi mkononi.

"Mama, naomba tuzungumze."

"Soma notisi."

"Nimeisoma. Ndiyo sababu nimekuja."

Nikamwambia nilimwona kwenye duka la fotokopi. Akafunika uso kwa karatasi ile ile.

"Siku gani?"

"Siku ya jua."

Akakaa chini, pale pale kizingitini, bila kukaribishwa. Mimi nikabaki nimesimama kama mgeni.

"Kama hukutaka chai yangu si ungesema?" nikamwambia. "Mimi si mtoto. Ningekasirika siku mbili, yangekwisha."

"Ningesemaje, Mama? Mtu mwingine yeyote akinigongea naweza kumwambia rudi baadaye. Wewe siwezi. Nyumba ni yako. Ufunguo unao. Nikirudi nakuta kitanda kimetandikwa, nalala nimekakamaa naogopa kukivuruga."

"Paa lilikuwa linavuja."

"Lilizibwa Jumanne. Alhamisi ukaingia tena."

Nilidhani hajui. Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokuwa nacho. "Mimi nilikuchukua kama mwanangu."

"Najua." Alikuwa analia sasa, lakini sauti ilikuwa imara. "Lakini mtoto anaweza kununa, Mama. Anaweza kubamiza mlango, akasema sitaki, na kesho bado ni mtoto wa nyumba hiyo. Mimi nikinuna, nahama. Sasa ningekuwaje mwanao?"

Upande wa pili wa ukuta Mzee Notisi alikuwa anafagia mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

"Chai ya siku ile ya makoti niliifurahia," akasema. "Kweli kabisa. Na ya kesho yake. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka, ukaniita, nikaja. Kuanzia hapo sikujua tena nakuja kwa sababu nakupenda au kwa sababu nakuogopa. Hilo ndilo linaloniuma. Sikupata nafasi ya kujua."

Nikasema nitampunguzia kodi. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

"Usinipunguzie, Mama. Nitalazimika kunywa vikombe viwili."

Tulicheka, wote wawili, mara moja. Halafu tukajiona tunacheka, tukaacha.

Akasema atahama mwisho wa mwezi. Neno usihame lilikuwa limeshanifika mdomoni. Lakini lingetoka kwa mwenye nyumba, na angelazimika kutafuta namna ya kulijibu, kama alivyotafuta namna siku zote hizi. Nikalimeza. Nikasema, "Haya." Nimekaa nalo kifuani tangu asubuhi.

Mwanangu alipiga jioni. Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Jumatano, 13 Mei

Funguo za akiba nimempa. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia zichukue kabla sijabadili mawazo.

Ijumaa, 15 Mei

Leo sikukaa barazani. Amerudi saa tisa na nusu. Amefungua redio. Miezi miwili na nusu yuko hapa na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia redio yake mchana.

Jumanne, 19 Mei

Mvua. Nguo zake zilikuwa kambani. Nilisimama mlangoni nikazitazama zikilowa. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Mwishowe nikaanua, nikaziweka kwenye beseni mlangoni kwake, bila pasi. Jioni akasema, "Asante kwa nguo," akapita. Ilikuwa asante ya kawaida, kama anayopewa mtu yeyote. Sikujua kwamba nilikuwa sijawahi kuipata.

Jumapili, 31 Mei

Amehama.

Asubuhi nilikuwa nimejifungia ili nisimsumbue, akaja mwenyewe. "Mama, nisaidie kushika huku." Tukakibeba kitanda, yeye mbele mimi nyuma. Nikauliza gari la mizigo liko wapi. Akasema halihitajiki. Tukatoka getini, tukapinda kulia, hatua ishirini, tukaingia geti la pili.

Kwa Mzee Notisi!

Nilikiweka kitanda chini katikati ya ua, mbele ya karatasi isemayo usiweke vitu hapa.

"Mwanangu, kati ya nyumba zote?"

"Yeye hataki kunijua, Mama," akasema taratibu. "Nataka nikae kidogo kwa mtu asiyetaka kunijua."

Mzee Notisi alikuwa amesimama pembeni na ufunguo mkononi, amevaa koti, amekunja uso kama anahesabu kura. "Sikumtafuta, Matroni," akasema. "Alisoma tangazo."

Nilirudi nyumbani. Upande wa pili mlango ulikuwa wazi. Nikaufunga bila kuingia.

Jumatano, 3 Juni

Hakuna mvua. Hakuna kitu.

Jumapili, 7 Juni

Mwanangu: dakika tano. Leo nilimwambia. Nikasema, "Nimekuwa mpweke, mwanangu, na nilimfanya mtu mwingine aubebe upweke huo." Akasema atakuja mwezi wa nane. Nikamwambia asije kwa kulazimika. Akasema, "Mama, mimi naweza kukataa, siku zote nakataa." Ni kweli. Anakataa kila mwaka, na bado ni wangu.

Ijumaa, 12 Juni

Mzee Notisi ameniita ukutani, anaangalia huku na huku.

"Matroni. Huyu binti, unadhani nikimkaribisha chai siku moja itakuwa vibaya?"

Nilimtazama. Mke wake naye alifariki, zamani, kabla hatujajenga. Karatasi zote zile, na nilikuwa sijawahi kujiuliza anamwandikia nani.

"Msalimie asubuhi, jirani," nikamwambia. "Kisha funga mlango wako. Ukitaka chai njoo uinywe huku."

Hakusema atakuja wala hatakuja.

Jumamosi, 20 Juni

Msimu umekwisha, anga ni safi, vumbi limeanza. Wiki tatu nimejizuia kumwita. Nikimsikia upande wa pili wa ukuta naingia ndani. Tumesalimiana mara nne.

Leo saa kumi alikuwa anaanika nguo upande wake wa ukuta, anaimba. Nilisimama kwangu nimeshika birika, nikajikaza, na nikasema kwa sauti ya mtu anayepita tu, "Jirani, chai ipo, kama unataka."

Hakuja mbio. Hakutabasamu lile tabasamu lake la barazani, lile nililolipenda sana. Alibana kibanio kwenye kamba, akafikiri, hata hakunigeukia vizuri.

"Leo siwezi," akasema. "Nimechoka. Labda wiki ijayo, nitaona." Kisha akachukua nguo nyingine, akaendelea kuimba wimbo wake alipoishia.

Iliniuma, sitadanganya daftari langu mwenyewe. Nikasema, "Haya, pumzika," nikakaa kwenye kiti changu, nikajimiminia. Chai ikapoa mkononi bila kuguswa, maana nilikuwa narudia maneno yake kimoyomoyo, leo siwezi, nimechoka. Hivyo ndivyo watu huwaambia watu wao.